Kitenzi “get” cha Kiingereza: mwongozo kamili wa maana, matumizi na asili yake

Anayefungua kamusi ya Kiingereza kutafuta maana ya “get” hukutana na safu ndefu: kupata, kupokea, kununua, kuleta, kufika, kuwa, kuelewa, kuugua, kumfanya mtu atende jambo, na nyingine nyingi. Wanafunzi wengi hujaribu kuikariri safu hiyo, huchoka kabla ya kufika katikati, kisha hubaki na maana moja tu ya “kupata” na kukikwepa kitenzi hiki kila kinapodai maana tofauti. Hasara ya kukikwepa ni kubwa, kwa sababu “get” ni miongoni mwa vitenzi vinavyosikika zaidi katika mazungumzo ya kila siku ya Kiingereza.

Ushauri wangu ni kuacha kabisa kukariri orodha ya maana. Maana ya “get” huamuliwa na kile kinachokifuata katika sentensi: nomino, kivumishi, mahali, umbo la tatu la kitenzi kingine, au kineno kifupi kama “up” na “over”. Mwenye mazoea ya kutazama mbele ya kitenzi kabla ya kutafsiri ataelewa hata matumizi ambayo hajawahi kuyasoma, na mzungumzaji wa Kiswahili ana msaada wa ziada, kwa kuwa kitenzi chetu “pata” na viambishi vyetu vya vitenzi vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Shika kiini cha neno kwa kujua lilikotoka

Neno “get” liliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya walowezi wa Skandinavia. Mabaharia wa huko walianza kuishambulia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, na shambulio lao linalokumbukwa zaidi ni lile la mwaka 793 dhidi ya monasteri ya Lindisfarne. Mwaka 865 lilifika jeshi kubwa ambalo halikurudi kwao lote. Wengi walibaki mashariki na kaskazini mwa Uingereza, wakalima, wakaoa, na watoto wao wakakua kati ya lugha mbili zilizokaribiana sana. Lugha ya wageni, yaani Kinorsi cha kale, ilikuwa na kitenzi “geta”, chenye maana ya kupata, kufikia na pia kuzaa. Kufikia karibu mwaka 1200 kitenzi hicho kilikuwa kimeshaandikwa ndani ya Kiingereza.

Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu wa neno hilo, “gietan”, ila kwa kawaida lilijitokeza likiwa limeunganishwa na kiambishi, kama katika “forgietan”, kusahau, na “begietan”, kupata. Herufi “g” iliyotangulia irabu hiyo ilitamkwa kama “y” ya neno “yai”, na ndiyo maana maandishi ya Kiingereza cha kati kutoka kusini mwa nchi yana “foryeten” mahali ambapo leo tunasoma “forget”. Ile “g” ngumu tunayoitamka sasa ni alama ya wazi ya Kinorsi. Mvutano wa namna hii kati ya maneno ya kaskazini na ya kusini uliendelea kwa karne kadhaa: mwaka 1490 William Caxton, mchapishaji wa kwanza wa vitabu nchini Uingereza, alisimulia kisa cha mfanyabiashara aliyeomba “egges” kwa mama mmoja, yaani mayai kwa neno lenye asili ya Kinorsi, akajibiwa kwamba mama huyo hajui Kifaransa, kwa sababu yeye mayai aliyaita “eyren”.

Tukirudi nyuma zaidi, shina la “get” ni lile lile lililozaa kitenzi cha Kilatini “prehendere”, kushika, ambacho kupitia Kifaransa na Kilatini kimekipa Kiingereza maneno kama “comprehend”, “surprise” na “prison”. Kwa hiyo Mwingereza anaposema “I get it” akimaanisha kwamba ameelewa, anafuata njia ile ile ya fikra iliyompa neno zito la “comprehend”: kuelewa ni kushika. Huko Aislandi, ambako lugha ya kale imehifadhika vizuri, “geta” leo ina maana ya kuweza.

Kutokana na historia hiyo, kiini unachopaswa kukibeba ni hiki: “get” huonyesha kuvuka kutoka kutokuwa na jambo hadi kuwa nalo. Jambo hilo laweza kuwa kitu, hali, au mahali. Kitenzi “have” husema kwamba kitu kipo kwako na “be” husema kwamba uko katika hali fulani, ilhali “get” husema kwamba umeingia.

Hatua ya 2: Jua maumbo na matamshi yake

Maumbo ni “get”, kisha “got” kwa wakati uliopita, na umbo la tatu ambalo ni “got” kwa Waingereza na mara nyingi “gotten” kwa Wamarekani. Si kweli kwamba “gotten” ni uharibifu wa lugha uliofanyika Marekani, ingawa dai hilo limeenea shuleni. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, iliyotafsiriwa Uingereza, inamnukuu Hawa katika Mwanzo 4:1 akisema “I have gotten a man from the LORD”, na Biblia yetu ya Kiswahili inatumia kitenzi “pata” katika aya hiyo hiyo. Waingereza waliliacha umbo hilo baadaye, Wamarekani wakalihifadhi. Hata Uingereza limebaki ndani ya “forgotten” na “ill-gotten”.

Katika matamshi, “g” haitupi shida, kwa kuwa Kiswahili hakina “g” laini. Shida iko mwishoni. Ulimi wetu hupenda kumaliza neno kwa irabu, na ukiongeza “i” mwishoni utakuwa umetamka “geti”, neno letu la lango, ambalo nalo limetoka katika neno jingine la Kiingereza. Katisha neno kwenye “t” na ufanye irabu iwe fupi. Ukiwasikiliza Wamarekani, tegemea “t” hiyo igeuke kuwa kama “d” nyepesi inapofuatwa na irabu, hivi kwamba “get it” husikika kama “gedit”.

Hatua ya 3: Inapofuatwa na nomino

Hapa ndipo “get” inapokaribiana zaidi na “pata”, na muktadha ndio unaotofautisha. “I got a letter” ni nilipokea barua. “I got this shirt in Kariakoo” ni shati hili nililinunua Kariakoo. “She got malaria” ni alipata malaria, sawasawa na tunavyosema sisi. Zikiwapo nomino au viwakilishi viwili, kwa kawaida maana ni ya kumletea au kumpatia mtu kitu: “Get me a chair” ni niletee kiti, na kiambishi chetu cha kauli ya kutendea ndicho kinachobeba maana yote.

Kwa maana ya kuelewa, angalia wakati wa kitenzi. Afrika Mashariki husikika sana “Are you getting me?”, tafsiri ya moja kwa moja ya “unanipata?”. Mwingereza husema “Do you get me?” au “Do you get what I mean?”, kwa sababu vitenzi vyake vya kuelewa na kujua kwa kawaida havikai katika umbo la “-ing”.

Matumizi ya “have got” yanahitaji uangalifu wa pekee. “I have got two brothers” ni nina kaka wawili, wakati uliopo kabisa, ingawa umbo lake lina sura ya jambo lililokamilika. Mantiki yake haifichiki: aliyekwisha kupata, sasa anacho. Swali lake ni “Have you got a pen?” au “Do you have a pen?”, na ni kosa kuyachanganya ukasema “Do you have got a pen?”. Kwa Mmarekani, “I've got a car” ni nina gari, na “I've gotten a car” ni nimepata gari. Tofauti hiyo ni ya manufaa na Mwingereza wa leo hawezi kuionyesha kwa maumbo hayo. “I have got to go”, kwa upande wake, ni lazima niende.

Hatua ya 4: Inapofuatwa na kivumishi

Hii ndiyo hatua ninayowasihi wasomaji waikalie kwa muda mrefu zaidi. Kiingereza hakina kitenzi kimoja kimoja kwa kila badiliko la hali kama tulivyo navyo sisi, hivyo huchukua “get” na kuiambatanisha na kivumishi. Sisi tuna kuchoka, wao wana “get tired”. Sisi tuna kukasirika, wao wana “get angry”. Kuzeeka ni “get old”, kutajirika ni “get rich”, kulowa ni “get wet”, kupotea ni “get lost”, kulewa ni “get drunk”, na giza likianza kuingia husema “it is getting dark”.

Kosa hutokea kwenye kiambishi cha wakati. Kiambishi “-me-” katika vitenzi vya hali huonyesha kwamba mtu ameingia katika hali na bado yumo, na Kiingereza huieleza hali hiyo kwa “be”. Kiambishi “-li-” huweza kuonyesha tukio la kuingia, na hapo ndipo “get” inapohitajika. Linganisha jozi hizi kwa makini. Nimepotea ni “I am lost”, nilipotea ni “I got lost”. Nimelowa ni “I am wet”, nililowa ni “I got wet”. Nimeolewa ni “I am married”, niliolewa mwaka 2015 ni “I got married in 2015”. Mwanafunzi anayesema “I was married in 2015” hajakosea sarufi, lakini msikilizaji anaweza kudhani kwamba ndoa hiyo ilikuwapo mwaka ule na sasa haipo. Kwa kiambishi “hu-”, huchoka haraka ni “he gets tired quickly”, kwa kuwa badiliko lenyewe hujirudia.

Tahadhari tatu. Ya kwanza, muundo huu haukubali nomino: “She got a doctor” ni alipata daktari, si akawa daktari; kwa maana ya pili tumia “She became a doctor”. Ya pili, baadhi ya mabadiliko hutumia “go” badala ya “get”, hasa kupofuka, kupata wazimu na chakula kuharibika: “go blind”, “go mad”, “go bad”. Ya tatu, aliolewa na Juma ni “she got married to Juma”. “Na” yetu huwavuta wengi kuandika “with”, na hilo ni kosa.

Hatua ya 5: Inapofuatwa na mahali

Maana hapa ni kufika, mara nyingi kwa kudokeza kwamba safari ilikuwapo na huenda ilikuwa na taabu. “We got to Mombasa at midnight” ni tulifika Mombasa saa sita usiku. Maneno “home”, “here” na “there” hayatanguliwi na “to”, kwa hiyo andika “get home”.

Hatua ya 6: Inapofuatwa na umbo la tatu la kitenzi kingine

Huu ni muundo unaofanya kazi ya kauli yetu ya kutendwa: “He got arrested” ni alikamatwa, “She got promoted” ni alipandishwa cheo. Hata hivyo hauwezi kuchukua nafasi ya “was” kila mahali. Hutumika kwa matukio, hasa ya ghafla, yanayomgusa mtendwa kwa shari au kwa heri, na kwa lugha ya mazungumzo. Haufai kwa maelezo ya kudumu wala ya kihistoria. Mwalimu Nyerere “was born in 1922”. Hakuna anayesema “got born”. Kiswahili “is spoken in Tanzania”, si “gets spoken”. Ukijiuliza kama jambo lilimpata mtu, kwa maana yetu ya kupatwa na jambo, utaamua vizuri katika hali nyingi.

Hatua ya 7: Mtu mwingine anapofanya kazi

Tuseme umepeleka kitambaa kwa fundi cherehani, akakupima, akakata, akashona, ukalipa na kuondoka na nguo. Ukifika nyumbani unasema “nimeshona suti”, na hakuna anayedhani kwamba wewe ndiye uliyekaa kwenye cherehani. Vivyo hivyo tunasema “nimenyoa” tukitoka kwa kinyozi. Ukiyahamisha maneno hayo kama yalivyo, ukasema “I have sewn a suit”, Mwingereza atakusifu kwa ufundi wako wa kushona, na mazungumzo yatapotea njia. Kiingereza hudai uonyeshe kwamba kazi ilifanywa na mwingine: “I got a suit made”, “I got my hair cut”, “I got my phone repaired”. Mpangilio ni “get”, kisha kitu, kisha umbo la tatu. Ukibadilisha mpangilio na kuandika “I got cut my hair” sentensi huvunjika.

Ukitaka kumtaja mtendaji, muundo hubadilika: “get”, kisha mtu, kisha “to” na kitenzi. “I got him to sign” maana yake ni nilimshawishi hadi akasaini, na ndani yake mna juhudi. Kitenzi “make” hakichukui “to” katika muundo huu na hudokeza kulazimisha: “I made him sign”. Wanaojifunza huichanganya miwili hii mara kwa mara, kwa kuwa kauli yetu ya kutendesha haibagui kati ya kushawishi na kulazimisha.

Usichanganye pia na “get to” inayofuatwa moja kwa moja na kitenzi, ambayo ni kupata nafasi: “I never got to see her” ni sikupata kumwona. Mpangilio ni ule ule wa kwetu.

Hatua ya 8: Inapofuatwa na kineno kifupi

Hapa kukariri kiasi hakuepukiki, lakini anza na vichache unavyovihitaji kila siku. “Get up” ni kuamka au kuinuka. “Get over” ni kupona au kusahau huzuni. “Get by” ni kujikimu kwa kipato kidogo. “Get back to” mtu ni kumjibu baadaye, na “get through to” mtu kwa simu ni kumpata hewani. “Get away with” ni kufanya kosa na kuepuka adhabu. “Get along” ni kupatana, na inapendeza kuona kwamba lugha zote mbili zimeanzia kwenye kitenzi cha kupata ili kufikia maana ya kuelewana.

Usafiri una kanuni yake. Chombo ambacho mtu huweza kusimama na kutembea ndani yake hutumia “get on” na “get off”: basi, daladala, matatu, treni, meli, ndege. Chombo kidogo ambacho mtu huingia na kuketi tu hutumia “get in” na “get out of”: teksi, gari binafsi, bajaji. Bodaboda, baiskeli na farasi hurudi kwenye “get on”, kwa sababu unakaa juu yake.

Hatua ya 9: Jua pa kuiacha

Katika barua rasmi, ripoti na insha za mitihani, “get” huonekana ya mazungumzo mno. Andika “I received your letter”, “the patient recovered”, “prices increased”. Usivuke mpaka kwa upande wa pili, kwani anayesema “I obtained a cup of tea” mbele ya rafiki atasikika kana kwamba anasoma hati ya mahakama. Ninaona hatari hii ya pili kuwa kubwa zaidi kwetu, kwa sababu Kiingereza chetu wengi tumekipata darasani kupitia vitabu.

Hatua ya 10: Jipime kwa kifungu kimoja

Soma kifungu hiki mara moja bila kusimama: “I got up at five, got dressed, got the children ready and got to the bus stop before it got crowded. I got a seat, but the bus got stuck in traffic and I got to work late.”

Sasa rudi kwenye kila “got” na utazame kinachofuata. Kineno “up” kinatupa niliamka. “Dressed” ni umbo la tatu, nilivaa. “The children ready” ni kitu kikifuatwa na kivumishi, kwa hiyo niliwaandaa watoto. “To the bus stop” ni mahali, nilifika kituoni. “Crowded” ni hali, yaani kabla watu hawajajaa. “A seat” ni nomino, nilipata kiti. “Stuck” ni umbo la tatu, basi lilikwama. “To work” ni mahali tena, nilifika kazini nimechelewa. Kitenzi ni kimoja mara nane, na hakuna hata mahali pamoja ulipohitaji kufungua kamusi kwa ajili ya “get” yenyewe.

Malizia kwa kuandika habari hiyo hiyo kama maelezo ya kuchelewa kwa msimamizi wako: “I arrived late this morning because the bus was delayed in heavy traffic.” Hakuna “get” iliyobaki. Kisha msimulie rafiki yako habari ile ile kwa sauti, uirudishe kila mahali ilipokuwa, na urudie zoezi hilo kesho kwa habari za siku yako mwenyewe.